Bakora Aliyoiombea Iwe Bandia

Siku hiyo ami yangu alifunga mlango wa chumba chake, hapo Tanga, akaniambia niwashe mshumaa. Mkononi alishika sindano ya kushonea magunia. Juu ya mkeka ililala bakora aliyoitangaza mtaa mzima kuwa kichwa chake ni pembe ya ndovu, na midomo yake ilikuwa ikicheza kwa dua. Nilidhani anaomba pembe iwe ya kweli. Kumbe anaomba iwe bandia.

Ami alikuwa na bakora 11. Alianza kuzikusanya alipostaafu, kama wenzake wanavyoanza kufuga kuku. Alikuwa na ya Kimakonde iliyochongwa nyoka akipanda mti, na ya Kizaramo yenye mwana hiti kichwani, zile nywele zake zimegawanyika mafungu mawili. Ila bora kuliko zote hakuwahi kuinunua: bakora ya mtobwe ya marehemu baba yake, babu yangu, rangi ya asali, ina pete ya fedha shingoni na haina mchongo hata mmoja. Pale kidole gumba cha babu kilipokaa kwa miaka mingi palikuwa na kijishimo, laini kama ndani ya kombe. Mguuni ililika upande mmoja, maana babu alikuwa akiegemea kulia. Ukitaka kuijua bakora iliyotembea, anza na mguu wake. Anayeizeesha kwa msasa huila pande zote sawasawa, na kijishimo kama kile hakumbuki kukichonga.

Hayo yote ami aliyajua. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Akaenda Unguja harusini, akaingia duka moja la vinyago Mji Mkongwe, bakora ya babu mkononi. Muuzaji akamkalisha, akamletea kahawa, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga. Kichwa cha simba, kinywa wazi, cheupe chenye umanjano, kimekaa juu ya gongo jeusi. "Hii, shehe, aliiacha Mjerumani. Mpingo na pembe. Wewe mwenyewe unaona." Bei ilimshinda ami. Muuzaji akatazama ile ya mtobwe, akasema taratibu kwamba laki nne na "hicho kifimbo" vingetosha. Tangu lini bakora ya mtobwe ikaitwa kifimbo? Hapo tu angeinuka. Lakini alikuwa ameshaishika ya simba, na mkono ukishashika, masikio huwa hayapo.

Sikukuu ya Idi alitoka nayo. Aliporudi kutoka kuswali, kanzu yake ilikuwa na mchirizi mweusi pajani, na ukiunusa ni rangi ya viatu. Nikamwambia, "Ami, hebu itumbukize kwenye pipa. Mpingo huzama." Aliniona sina adabu. Shangazi alifua ile kanzu mara tatu.

Aliyemtoa usingizini ni jirani, afisa wanyamapori mstaafu, aliyekuja kunywa kahawa barazani na kusikia hadithi ya Mjerumani. Hakucheka. Aliuliza, "Kibali unacho?" Akaeleza kwa upole kwamba nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana tangu 1989 kuzuia biashara ya pembe kimataifa, na kwamba kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, pembe ni nyara ya Serikali; kuwa nayo bila kibali ni kosa, hata ikiwa imechongwa simba. Kifungo cha miaka 20 si hadithi mahakamani kwetu. Ami ana miaka 71.

Ndiyo maana ya mshumaa. Kwanza tulimgeuza simba tukamtazama shingoni, alipokatwa, kwa miwani yake na tochi ya simu. Pembe ya ndovu huonyesha hapo mistari myembamba inayopishana kama wavu. Mfupa huwa na vitundu vidogo vyeusi. Hapa hapakuwa na wavu wala vitundu. Ami hakuridhika; hofu yake ilitaka ushahidi mkubwa zaidi. Akaipasha sindano mpaka ikawa nyekundu, akaigusisha chini ya taya la simba. Pembe ingebaki na doa tu. Sindano ilizama bila ubishi, moshi mwembamba ukapanda, chumba kikanuka ndoo inayoungua.

"Alhamdulillahi," alisema ami, akakaa chini. "Plastiki." Akacheka mpaka machozi, nami nikacheka naye. Kisha akanyamaza ghafla, akatazama ukutani, kwenye msumari ambao bakora ya babu ilikuwa ikining'inia.

Alfajiri alipanda boti. Muuzaji alimkumbuka vizuri, akamwagizia kahawa tena. "Ile ya mtobwe? Ile haikulala dukani, shehe. Iliondoka jioni ileile."

Siku hizi hukaa barazani na simba wake, kwa kuwa magoti yanataka kitu cha kuegemea. Akizungumza na watu, kidole gumba chake kinapapasa huku na huku juu ya kile kichwa, hakipati pa kutulia.