Nehemia Naye Alisimama Mbele ya Jopo



Majina ya walioitwa kwenye usaili yakitoka tu, mishumaa mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu huongezeka ghafla. Simcheki mtu, maana na mimi nimewasha wangu.

Miaka michache iliyopita niliitwa usaili katika ofisi moja hapa Mwanza mjini, nafasi ya karani wa hesabu. Nilisali novena ya Mtakatifu Yosefu siku zote tisa, sikuruka hata moja. Nikafunga. Siku yenyewe nikapanda daladala alfajiri kutoka Buhongwa, rozari mfukoni, viatu vinang'aa. Kitu kimoja tu sikufanya: sikufungua daftari. Na kibaya zaidi, kwenye wasifu wangu nilikuwa nimeandika kwamba naijua vizuri programu fulani ya uhasibu, kumbe niliiona tu kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Basi mama mmoja kwenye lile jopo, mpole kabisa, akanigeuzia kompyuta: “Mwanangu, hebu tuingizie hizi risiti tatu.”

Sikujua hata pa kubonyeza. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia Mtakatifu Yosefu wiki nzima.

Katekista wetu hakunihubiria. Aliniambia tu nikasome Nehemia sura ya kwanza na ya pili, halafu nihesabu miezi.

Nikahesabu. Nehemia anapata habari mbaya za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, analia, anafunga na kusali. Anasimama mbele ya mfalme Artashasta mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne hivi! Mfalme anamuuliza kwa nini uso wake una huzuni, naye anaogopa sana. Maandiko hayamfichi: aliogopa. Hata hivyo anasema ukweli, kwamba mji walikozikwa baba zake ni magofu. Mfalme anamuuliza, sasa unataka nini? Hapo, kati ya swali na jibu, Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni. Sala ya kupumua mara moja tu, huku mfalme anasubiri.

Lakini angalia kinachofuata. Anaulizwa safari itachukua muda gani, anataja muda. Anaomba barua kwa watawala wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Anaomba na barua kwa Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, apewe miti ya malango na ukuta. Jina la mwenye msitu analo kichwani! Yaani ile miezi minne alikuwa anasali na huku anapiga hesabu za mbao. Sala yake fupi ilikuwa na kitu cha kuegemea. Yangu ilikuwa inaegemea uongo.

Nenda mwalo wowote wa ziwa letu mchana, utawakuta wavuvi wa dagaa wamekaa chini wanashona nyavu, maana usiku taa zikishawashwa hakuna nafasi ya kushona. Yakobo na Yohane nao Yesu aliwakuta hivyo hivyo, kwenye mashua na baba yao, wanatengeneza nyavu.

Najua mtu ataniambia, “Acha hizo, nafasi zina wenyewe.” Na Nehemia naye si alikuwa mnyweshaji wa mfalme? Ndiyo, alikuwa ndani tayari, silifichi hilo. Na wapo wanaojiandaa vizuri, wanajibu vizuri, halafu anachukuliwa mwingine. Inauma. Maandalizi yako si malipo kwa Mungu ili akudai kazi akupe. Ila mtu akikuambia utangulize “asante” ndipo jina lako lipite, hapo umeshaulizwa swali la kwanza la usaili, na Mungu yupo kwenye jopo.

Kwa hiyo wewe unayeitwa juma hili, futa leo usichokijua kwenye wasifu wako. Kama uliwahi kudanganya, Kitubio kipo. Usaili wa serikali wanataka vyeti halisi, na cheti cha kuzaliwa pia; kama jina la shuleni na la cheti cha kuzaliwa hayafanani, lishughulikie kisheria mapema, usingoje mlangoni. Na nauli ni yako, kwa hiyo waambie wana jumuiya. Jumuiya ndogo ndogo si ya misiba peke yake.

Ule mstari wa programu niliufuta. Nikaenda kujifunza kwa rafiki yangu yule yule, jioni baada ya jioni, nikianza na Ishara ya Msalaba kabla ya kuwasha kompyuta.

Tusali. Mtakatifu Yosefu, wewe uliyejua kupima mbao kabla ya kukata, uwaombee wanaoingia chumba cha usaili juma hili. Wakijua, waseme kwa utulivu. Wasipojua, wawe na ujasiri wa kusema hawajui. Amina.