Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sijui methali nyingine ambayo teknolojia imeibishia kwa ukali kama hiyo. Leo fimbo iliyoko Nairobi inaua nyoka aliyeko Sotik, tena kabla wenye nyumba hawajaamka. Swali langu si kama inaweza. Inaweza, nimeona. Swali ni hili: ni haki mtu kushika fimbo juu ya nyumba ambayo halali ndani yake? Na kama ni haki, ni kwa masharti gani?

Hebu nianze na fimbo yenyewe, maana wengi wetu hatujawahi kuiona. Ndani ya seva nyingi, kwenye bodi kuu, kuna chipu ndogo kuliko sarafu ya shilingi 20. Wataalamu huiita BMC. Hiyo ni kompyuta ya pili iliyojificha ndani ya ile kubwa. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, programu yake, na mara nyingi tundu lake la kebo ya mtandao. Ukizima seva, yenyewe haizimiki. Mradi waya una stima, iko macho. Kupitia kwake, mtu aliye mbali anaweza kuwasha mashine, kuizima, kusoma joto lake na mwendo wa feni. Kwenye seva nyingi anaona hata skrini kana kwamba ameketi mbele yake. Linux ikiganda ishindwe kujibu lolote, BMC bado inajibu. Lugha inayozungumzwa na vifaa hivi, IPMI, ilitolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC. Kampuni nyingine zimeipa kifaa chao jina la kibiashara, kama iDRAC ya Dell, lakini wazo ni lile lile: mlango wa nyuma uliojengwa na fundi mwenyewe, kwa nia njema.

Nimeyajua haya kwa sababu ya kibarua. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, nikarudi nyumbani na laptopu moja, na tangu hapo naishi kwa kuandika: maelezo ya programu, tafsiri, chochote kinacholipa bando. Mwaka jana chama kimoja cha wakulima huku kwetu, ambacho sitakitaja jina, kilinitafuta. Fundi wao wa kompyuta yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 200. Walitaka mtu wa karibu awe mikono yake wakati anaweka njia ya kuifikia seva kutoka huko, kisha niandike kwa Kiswahili rahisi kilichofanyika ili kamati isome. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na kilo za majani za kila mkulima, madeni ya mbolea, na malipo ya kila mwezi. Ukitaka kuelewa uzito wa hayo, kaa na familia ya mchuma chai jioni ya kusubiri malipo.

Sababu ya kuitaka njia hiyo ilikuwa ya kiutu kabisa. Seva ilipoganda usiku, fundi alikuwa akimpigia soja. Mzee wa watu, koti zito, baridi ya huku unaijua, anaingia chumbani na tochi huku simu ameibana begani. “Bonyeza cha kulia. Si hicho, mzee, cha chini yake.” Akibonyeza kisicho, asubuhi kuna foleni ya wakulima na hakuna hesabu.

Kazi yenyewe haikuchukua hata siku moja. Unaamsha moduli mbili za Linux, ipmi_si na ipmi_devintf. Unasakinisha programu iitwayo ipmitool. Unaipa BMC anwani yake ya mtandao, unafungua akaunti ya mtumiaji, unaweka nenosiri. Kisha unaielekeza Linux yenyewe itume maneno yake ya kuwaka kwenye konsoli ya serial, ambayo BMC huisafirisha kwa mtandao, ili aliye mbali aone kila mstari. Jioni fundi akaandika amri moja akiwa Nairobi. Seva ikazima, ikatulia, ikawaka tena, feni zikanguruma chumba kizima.

Soja alikuwa mlangoni. “Nani amegusa?”

“Hakuna, mzee. Ni yule kijana wa Nairobi.”

Akaniangalia, akaangalia kufuli mkononi mwake. “Sasa mimi nalinda nini hapa?”

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali halikuniacha. Katika lugha yetu mgeni hupiga hodi. Anapiga mara tatu, na asipoitikiwa anaenda zake. Hodi si mapambo ya adabu. Ni kukiri kwamba aliye ndani ana haki ya kunyamaza. BMC ni mlango usiodai hodi. Aliye nalo nenosiri huingia nyumba ikiwa imelala, na kulala huko ndiko hasa sababu ya mlango kuwepo.

Jibu la haraka ni kwamba wenye seva wamekubali. Kamati ilipiga kura, muhtasari ukaandikwa. Lakini nilikuwepo kwenye mkutano ule. Waliambiwa “seva itasimamiwa kutoka mbali”, wakaitikia jinsi tunavyoitikia masharti ya programu ya simu, kwa kubonyeza Nakubali. Ni mweka hazina tu, mama wa makamo mwenye ekari yake ya chai, aliyeinua mkono: “Na akiingia usiku, mwanangu, mimi nitajuaje?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Naona swali hilo linazidi kura yote. Huwezi kukubali jambo ambalo hutajua likitokea.

Wakenya tulishauliza swali la mama huyo kwa sauti kubwa. Mwaka 2017, baada ya uchaguzi wa Agosti, “fungua seva” ikawa kelele ya barabarani, kisha utani, kisha meme. Lakini ndani ya Mahakama ya Juu haikuwa utani. Tarehe 28 Agosti mahakama iliiamuru tume ya uchaguzi iwape walalamishi ruhusa ya kusoma, bila kubadilisha chochote, kumbukumbu za waliongia kwenye mitambo yake. Tume haikuitekeleza amri hiyo ipasavyo, na majaji walio wengi wakalihesabu hilo dhidi yake. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Uwe ulimpigia nani kura, kuna somo hapo: aliyeshika seva ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha nani aliingia. Kunyamaza kwake si ushahidi wa usafi.

Kuna mfano mwingine ambao hatukuupigia kelele. M-PESA ilizinduliwa Machi 2007, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ulaya. Kwa miaka minane, mama wa Sotik akimtumia mwanawe wa Nairobi mia tano, pesa hiyo ilipata idhini Ulaya kwanza. Hatukuona ubaya, kwa kuwa ilifanya kazi. Fimbo ya mbali ikiua nyoka, nani atauliza imeshikwa na nani?

Sisi wa nchi ya chai, hata hivyo, tuna sababu ya kuuliza. Kusimamiwa kutoka mbali tulikujua kabla ya umeme kufika. Brooke Bond na James Finlay walianza chai Kericho miaka ya 1920, na wakubwa wao walikuwa Uingereza. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung’o na malale. Na si hadithi za kale tu. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, kisha mashamba ya Kericho yakauzwa tena, mara hii kwa Browns ya Sri Lanka. Mchuma chai alipata mwajiri mpya, kisha mwingine, bila kutoka kwenye mstari wake wa majani. Hakuna aliyepiga hodi.

Ningeweza kuishia hapo, niseme umbali ni dhambi, tukapigiana makofi. Lakini ningekuwa nadanganya. Kwanza, mimi mwenyewe nakula kwa umbali. Wanaonilipa sijawahi kuwaona, na ninagusa kazi zao nikiwa nimekaa Sotik na kikombe cha chai. Pili, ukaribu nao si utakatifu. Aliyempunja mkulima kilo kwenye mizani hakuwa London. Alikuwa amesimama hatua moja mbele yake, anamjua kwa jina, labda wanasali kanisa moja. Tatu, yule soja sasa analala saa zake. Ukiniambia turudishe tochi na simu begani ili tu methali ibaki kweli, nitakukatalia.

Basi kosa haliko kwenye kilomita. Liko pale aliye na nguvu anapoweza kunifikia, nami siwezi kumfikia. Mkono wake unafika kwangu, sauti yangu haifiki kwake. Huo ndio umbali mbaya, na unaweza kuwepo hata ndani ya chumba kimoja.

Nikalichukua wazo hilo nikarudi nalo kwenye seva, maana falsafa isiyoingia kwenye mipangilio ni maneno ya kibandani tu. Niliona masharti matatu. Anayeishi na matokeo ajue mlango upo. Aweze kuona nani amepita. Na aweze kuufunga kwa mkono wake bila kuomba ruhusa.

La kwanza lilikuwa rahisi, ni karatasi moja. La pili lilihitaji kila mtu awe na akaunti yake badala ya jina moja la wote, na kumbukumbu za kuingia zitumwe pia mahali ambapo fundi hawezi kuzifuta. Lilihitaji pia kuiondoa BMC kwenye intaneti ya wazi, ifikiwe kwa VPN pekee. Kuna udhaifu wa IPMI 2.0 unaojulikana tangu 2013: mgeni akitaja tu jina la mtumiaji lililopo, kifaa humpa alama iliyotengenezwa kutokana na nenosiri, akaenda nayo kwake kubahatisha hadi apate. Nyumba inayompa mwizi kivuli cha ufunguo haifai kukaa kando ya barabara.

La tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Unadhani kufunga ni kuchomoa kebo. Lakini kwenye bodi fulani, hiyo ya chama ikiwemo, BMC huja imepangwa kwamba ikikosa kebo kwenye tundu lake, inahamia kimyakimya kwenye tundu la kawaida la seva. Umechomoa, umepumua, kumbe bado iko ndani kwa mlango wa pili. Lazima kwanza uiamuru ibaki kwenye tundu lake pekee. Nimeliwaza hilo sana. Ni mara ngapi tumepewa haki ya kusema hapana, na hiyo hapana haijaunganishwa na chochote?

Sitasema tumemaliza. Aliye ofisini naye ana nguvu zake: mwenye mamlaka ya root ndani ya Linux anaweza kubadilisha nenosiri la BMC bila kulijua la zamani. Na stima ikikatika hadi betri iishe, fundi wa mbali hana analoweza. Ni yule yule soja atakayewasha jenereta. Labda hilo ni jibu la swali lake, ingawa sijui kama linamlipa vya kutosha. Fimbo ya mbali ingali inahitaji mkono wa karibu. Imeacha tu kuutaja.

Tulipomaliza, kebo ya BMC ilikuwa ya manjano, peke yake kati ya nyingine za bluu, na kamati ikapitisha kwamba ikae nje ya tundu hadi itakapohitajika. Mchana fundi anapiga simu kabla ya kuingia, na karani anaandika saa na sababu kwenye daftari la kurasa 96. Usiku humpigia soja, ambaye siku hizi ana kitu kimoja tu cha kukumbuka: manjano. Ndiyo, anaamka tena, lakini kwa dakika moja, na bila yeye mlango haufunguki. Mweka hazina aliichomoa mwenyewe siku ile, akampigia fundi hapo hapo.

“Uko ndani?”

“Siko, mama. Umenitoa.”

“Haya. Ukitaka kuingia, piga hodi.”