Kuanza Upya Si Kubonyeza Kitufe

Mwaka jana, baada ya ibada ya Jumapili, wazee wawili wa kanisa walitufuata ofisini wakiwa na neno moja. Karibu na soko hapa Ihanja pamefunguliwa kibanda cha gemu, na watoto wa kipaimara wakitoka darasani Jumamosi hawarudi nyumbani, wanakwenda huko. Wazee walitaka Jumapili inayofuata tutamke mimbarani kwamba gemu ni dhambi. Tuliwajibu kwamba ni vigumu kuhukumu kitu ambacho hatujakiona. Mmoja wao akacheka akasema, "Sasa Mchungaji, utakwenda kucheza?" Tukasema ndiyo, tutakwenda.

Basi tulikwenda jioni tatu, tukiongozana na mwalimu wa kipaimara. Hapa tunaeleza maoni yetu juu ya gemu tulizocheza, na kisha tunaleta swali ambalo kijana mmoja alituuliza siku chache baadaye. Swali lake lilikuwa zito kuliko lile la wazee.

Tulianza na mpira. Vijana wanaiita "fifa", ingawa tangu mwaka 2023 matoleo mapya yanaitwa EA Sports FC. Unalipa sh. 500, unashika pedi, unachagua timu, na mpinzani wako anakaa benchi lile lile, bega kwa bega nawe. Tulifungwa saba bila. Aliyefungwa humpisha anayesubiri, na hakuna aliyetupendelea kwa sababu ya kola ya uchungaji. Pale bendini walikuwa watoto wa Kilutheri, wa Kikatoliki na wa Kiislamu wamebanana, wakitaniana kwa Simba na Yanga, na mkubwa akimwelekeza mdogo namna ya kupiga kona. Maoni yetu: ni mchezo mzuri. Kasoro yake ni saa inayopotea bila mtu kujua, na hela inayotoka kidogo kidogo.

Gemu ya pili ilikuwa GTA, ile ya San Andreas iliyotoka mwaka 2004. Humo mchezaji huiba magari, hupiga watu na kuua. Kwa robo saa tulikuwa tumevunja amri ya tano na ya saba mara nyingi hata mwalimu wa kipaimara akaacha kuhesabu. Mtu anaweza kusema ni picha tu, na ni kweli, hakuna aliyekufa. Wala hatuamini kwamba kila kijana anayeicheza atakuwa jambazi. Kilichotusumbua ni jambo jingine. Mhusika wa gemu hii akiuawa, anajikuta yuko mlangoni pa hospitali, amepungukiwa silaha na fedha kidogo. Akikamatwa, anatokea mlangoni pa kituo cha polisi na safari inaendelea. Yule aliyegongwa na gari hatajwi tena. Hana mama wala matanga, na hakuna mlango wa kwenda kubisha ili kuomba radhi. Watengenezaji wenyewe wameiandikia kwamba si ya watoto. Maoni yetu: darasa la kipaimara lisiicheze, na wazazi wasione haya kusema hivyo.

Nyuma ya duka jingine tulioneshwa mashine ambayo vijana wanaiita dubwi. Unatumbukiza sarafu ya sh. 200 na kungoja bahati. Hiyo tusiichanganye na gemu. Ni kamari, na sheria ya nchi yetu inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuicheza. Hapo hatuna maoni mawili.

Gemu ya mwisho hatukuifuata kibandani. Ilikuwa tayari mfukoni mwetu. Watu wengi wanaifahamu Candy Crush, ile ya kupanga peremende zenye rangi. Tuliiweka kwenye simu siku moja tukisubiri basi la kwenda Singida mjini. Gemu hii inakupa uhai tano. Ukishindwa, mmoja unaondoka, lakini ukisubiri dakika 30 unarudishiwa, na usipotaka kusubiri unaweza kununua. Ni mchezo usio na damu wala matusi, na mzee wa kanisa akituona tunaucheza hatashtuka. Hata hivyo, tunakiri kwamba katika zote tulizotaja, hii ndiyo iliyotukosesha.

Ilikuwa hivi. Jioni moja kijana wa darasa la kipaimara alikuja nyumbani kwetu. Alitusalimu shikamoo, nasi tukaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye simu. Tulibakiza hatua mbili tu tushinde. Tukamwambia, "Ngoja kidogo, mwanangu." Tulipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Hatukumfuata. Tulijiambia kwamba kama lingekuwa jambo kubwa angengoja.

Alirudi baada ya wiki nzima, na jambo lilikuwa kubwa. Yeye na bibi yake wametupa ruhusa kulieleza hapa. Kijana huyu analelewa na bibi yake, ambaye ana ugonjwa wa presha. Bibi aliuza kuku mnadani akampa mjukuu sh. 12,000 akamnunulie dawa. Njiani akapita kibandani acheze mechi moja. Akafungwa, akataka kurudisha, kisha akawalipia na wenzake. Kwa siku mbili hela yote ilikwisha, mechi 24. Nyumbani akasema hela ilidondoka. Bibi alikaa siku tisa bila dawa na hakumwambia jirani, maana hakutaka mjukuu wake aitwe mzembe. Hatimaye shangazi alifika kuwasalimia, akaona hali, akanunua dawa. Jioni ile alipokuja kwetu mara ya kwanza, siku hizo tisa zilikuwa hazijaisha.

Alipomaliza kusimulia, aliuliza swali lake: "Mchungaji, nikitubu kwa Mungu peke yangu, si inatosha? Bibi ameshapata dawa. Nikimwambia sasa nitamuumiza bure."

Wapendwa, swali hili si la kitoto. Sisi Walutheri tunafundisha tangu Katekisimu kwamba tunasamehewa kwa neema tu, si kwa matendo. Kijana alikuwa amelishika somo lake. Kama msamaha ni bure, kwa nini aende tena kwa bibi? Tulikaa kimya kwa muda, na ndipo tukaikumbuka ile hospitali ya GTA. Tukaelewa kilichokuwa kinatusumbua kibandani. Katika gemu, kuanza upya hakumhusu mtu yeyote isipokuwa mchezaji. Unabonyeza kitufe na yaliyopita hayakuwahi kuwepo. Ndicho alichokuwa anaomba kijana, na tuseme kweli, ndicho tunachoomba wengi wetu tunapopiga magoti.

Lakini bibi si picha. Yale maumivu ya kichwa aliyoyapata hayafutwi na kitufe. Kristo mwenyewe, katika Mathayo 5:23-24, anamwagiza mtu aliyefika na sadaka yake akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka hapo, akapatane kwanza. Zakayo hakununua wokovu kwa mali yake, maana Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani mwake. Ila kwa kuwa wokovu ulikuwa umeingia, hakuweza tena kuwatazama aliowadhulumu kana kwamba hawapo. Chuoni tulisoma habari za Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani aliyeuawa na serikali ya Hitler mwaka 1945. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 alionya juu ya neema rahisi, yaani msamaha usiomgeuza mtu. Neema ni bure kwetu, lakini ilimgharimu Mwana wa Mungu msalaba. Anayeipokea anapewa nguvu ya kurudi kwenye mlango aliokuwa anaukwepa.

Kabla ya kumjibu kijana, ilibidi tuanze na mlango wetu. Tulimwambia, "Mwanangu, siku ile ulipokuja tulikuwa tunacheza gemu. Tusamehe." Aliinama, akasema hakuna shida. Lakini shida ilikuwapo, na wote wawili tuliijua. Kisha tukaenda naye kwa bibi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Alikaa kimya muda mrefu, akasema: "Hela nimekusamehe. Lakini zile siku kichwa kilikuwa kinaniuma, na wewe ulikuwa unaniona." Kijana alilia. Sisi hatukuongeza neno. Katika msimu wa mavuno alifanya kibarua cha kupiga alizeti mpaka akazirudisha zile elfu kumi na mbili.

Wazee walipotaka jibu lao, tuliwaambia kwamba hatutatamka mimbarani kuwa gemu ni dhambi. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoionesha Yerusalemu iliyoponywa, anaona wavulana na wasichana wakicheza katika njia zake. Mwaka 1530 Luther alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyelemewa na huzuni, akamshauri asikae peke yake bali atafute watu, atanie, acheze. Mwalimu Nyerere alicheza bao, na bao lina kete 64 na mtu aliyeketi mbele yako unayemwona uso. Hiki ndicho kipimo tulichowapa: baada ya mchezo, je, unamwona jirani yako vizuri zaidi, au umeacha kumwona? Kwa kipimo hicho ule mpira wa kibandani unaweza kumjenga mtoto, na peremende za kwenye simu zinaweza kumwangusha mchungaji.

Tulikubaliana mambo machache. Mwenye kibanda tulimwomba asipokee watoto saa za shule na saa za mafundisho, na asiwawekee GTA, naye akakubali. Wazazi tuliwaomba waende siku moja wakae kwenye lile benchi kabla ya kugomba. Na sisi tukaifuta Candy Crush, si kwa sababu ni dhambi, bali kwa sababu tulijijua.

Mwezi uliofuata, dawa za bibi zilipokaribia kuisha, aliuza tena kuku. Shangazi alikuwepo, na jirani alikuwepo. Bibi akamwita mjukuu wake, akamhesabia sh. 12,000 mkononi, akamtuma dukani. Ametuambia kwamba alibaki mlangoni akiangalia njia mpaka kijana aliporudi na dawa na chenji.

Mungu atupe kuanza upya kwa namna hiyo, na atupe moyo wa kumpa mwingine. Amina.