BEI YA MKOBA WA UKILI

Somo: Mithali 20:14



Katika kitabu cha Mithali yumo mnunuzi mmoja asiyetajwa jina, nasi sote twamjua. Akiwa mbele ya muuzaji hukiponda kile kitu, akasema hakifai. Akishalipa bei ndogo na kwenda zake, hujisifu kwa jinsi alivyokipata. Mwandishi hakuongeza neno la kumlaumu. Ameuacha mstari hapo, kila mtu ajitazame.

Leo na tumtazame mnunuzi huyo akinunua mkoba wa ukili.

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipokataza mifuko ya plastiki mwaka 2006 (Bara walifuata Juni 2019), tumepata sababu zaidi ya kwenda sokoni na mkoba. Lakini ni wangapi kwetu wanaojua kazi iliyomo ndani yake? Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani, yakachanwa kuwa chane nyembamba. Chane za kutiwa rangi huchemshwa, zikaanikwa tena. Ndipo mama huketi kusuka, chane juu, chane chini, akiongeza mpya kila ya kwanza inapokaribia kwisha, mpaka ukili unakuwa mrefu wa kukunjwa mviringo. Na ukili peke yake bado si mkoba. Sharti ushonwe ukingo kwa ukingo, ukizungushwa kutoka kitako kwenda juu, kisha utiwe vishikio. Yote haya hufanywa baada ya kulima, baada ya kutoka kwenye mwani, baada ya kupika na kuosha watoto.

Sasa mama huyo amekuja mjini na gari ya asubuhi kutoka Makunduchi au Jambiani, mikoba yake begani. Mnunuzi mjanja hapatani naye asubuhi. Hupita, akatupa jicho, akaondoka. Hurudi alasiri, gari za shamba zikikaribia kwenda, akijua kwamba mama hana nauli mpaka auze. Ndipo huanza. “Rangi hii itatoka, bi mkubwa. Mshono huu umelegea, mamangu.” Maneno ya adabu yamo humohumo, na kisu kimo ndani yake.

Kupatana bei si dhambi. Kwetu ni sehemu ya salamu, na muuzaji naye hutaja bei ya juu akijua itashushwa. Asiyepatana kabisa huonekana ana kiburi. Ubaya ni kumngojea mtu afike mahali hawezi tena kukataa. Hayo si mapatano, maana mapatano yataka watu wawili, kila mmoja akiwa na uwezo wa kusema hapana.

Torati iliagiza maskini apewe ujira wake kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake unautegemea (Kumb. 24:14-15). Sisi twalingoja jua lishuke ili tupunguze! Tena agizo lile lilimtaja ndugu na mgeni pamoja. Wakristo wa Unguja tu wachache, na mama anayetuuzia mkoba aghalabu ni Mwislamu. Mahubiri yetu hayasikii. Anachokiona ni mkono wetu ukihesabu shilingi.

Na sisi tunaopiga magoti Mkunazini tunayo sababu kubwa zaidi ya kujitazama. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Katika soko lile binadamu walipangwa mstari, wakafunguliwa vinywa watazamwe meno, mnunuzi akitafuta kasoro ya kumshushia bei. Sisemi mkoba ni sawa na mtu, hasha. Nasema ulimi ni uleule, ulimi wa mnunuzi wa Mithali, na madhabahu yetu yamesimama pale uliponena.

Wengine wataniambia, “Padre, hata mimi ni maskini, mshahara hautoshi.” Kweli. Basi nunua mkoba mdogo kwa bei yake, usinunue mkubwa kwa bei ya mdogo. Na kama huna kabisa, msifu mama kazi yake upite; sifa ya kweli haimpunguzii kitu.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye maduka. Wako wanaoichukua mikoba kwa ahadi ya kulipa ikishauzwa. Mgeni ameununua mkoba, ameshapanda ndege, na mama bado aambiwa njoo wiki ijayo, mpaka nauli zake zimelipita deni lenyewe. Kama mwenye duka wa namna hiyo yumo katika mtaa wetu, ampelekee fedha zake wiki hii, pamoja na nauli za siku zote alizorudishwa bure.