Mzigo wa Aliye Bora

Henry Stanley alipoondoka Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili wa kuonewa fahari: mmoja wa Kiarabu, hidaya ya Sayyid Barghash, na mwingine aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema, zawadi ya mfanyabiashara wa Kimarekani. Mjuzi wa farasi, kwa kuwatazama umbo, mwendo na nasaba, angalitabiri kuwa hao ndio watakaotangulia. Wote wawili walikufa Kingaru, safari ikiwa haijaenda mbali na mwambao. Msafara ulipofika Mvumi, katika nchi ya Wagogo, na kutozwa hongo, mizigo ilikuwa juu ya wapagazi na punda waliosalia.

Mjuzi huyo asingekosea kuhusu farasi. Angekosea kuhusu njia. Hakuna ubora usiokuwa na uwanja wake.

Wenye kukadiria farasi wa mashindano walilitambua hilo zamani. Katika mbio za kawaida zisizo na viunzi, mfano wa zile za uwanja wa Ngong, Nairobi, hawatazami miguu pekee. Huuliza ardhi ni kavu au tepe, masafa ni mangapi, na juu ya yote, farasi amebeba uzani gani. Kwani yapo mashindano ambayo aliye bora huongezewa vipande vya risasi kwenye tandiko, ili aliye dhaifu naye apate tumaini.

Je, huo ni uadilifu, au ni husuda iliyovishwa kanzu ya sheria? Mwenye kulalamika ana hoja: farasi huyu ametenda kosa gani hata aadhibiwe kwa ushindi wake wa jana? Lakini mzigo huo una adabu zake. Umepimwa kwa mizani, umetangazwa mbele ya watu kabla ya mbio, na mbio zikisha huteremshwa. Anayeshinda nao huheshimiwa zaidi, si pungufu. Uzani wake ni sifa iliyoandikwa kwa risasi.

Sasa na atazamwe punda wa Mvumi wakati wa kiangazi, akirudi na madumu ya maji. Naye huongezewa kwa kuwa anaweza. Alibeba mawili jana bila kugoma; leo atabeba manne. Ila mzigo wake hakuna aliyeupima, wala haukutangazwa, na kesho ungalipo. Methali yasema fadhila za punda ni mateke; haisemi fadhila za mwenye punda ni zipi.

Na si punda peke yake. Katika kila nyumba yupo binti asiyekataa kutumwa, na katika kila ofisi yupo mtumishi ambaye kazi za wenziwe humwishia mezani. Huambiwa, "Wewe ndiye tunayekutegemea," na maneno hayo huhesabiwa kuwa malipo.

Kwa hivyo, swali si kama mwenye nguvu abebe zaidi. Yamkini ni haki abebe. Swali ni nani aliyeshika mizani, na ni nani atakayemtua. Jamii isiyoweza kulijibu hilo haijamthamini aliye bora wake. Imegundua tu kwamba hapigi teke.