Nuhusi ya Bundi na Riziki ya Kinda wa Pili

Katika itikadi zilizokita mizizi katika vifua vya watu wa mwambao wetu, na wa bara vile vile, ni chache zenye nguvu kama ile isemayo kwamba bundi akitua juu ya paa usiku akalia, basi katika nyumba ile au kwa jirani zake hapana budi atatoka maiti. Watu wenye elimu yao, wasalio sala zote tano na kuzijua nguzo za imani kwa moyo, huisikia sauti ile wakaingiwa na hofu, wakatoka na mawe kumfukuza, na kama ndani yumo mgonjwa, hutazamwa tangu saa ile kama mtu aliyekwisha kukatiwa hukumu. Nataka kuuliza swali la dini juu ya jambo hili. Swali tulilolizoea ni kwamba bundi anatuletea habari gani sisi. Ninalolitaka mimi ni lile ambalo aghalabu hatulifikirii, kwamba yeye mwenyewe ana haki gani mbele ya Mola wake.

Ama swali la kwanza, jawabu lake lilikwisha kutolewa zamani. Waarabu wa zama za ujahilia waliamini kwamba mtu akiuawa na kisasi chake kisilipwe, hutoka katika kichwa chake ndege waliyemwita hama, ambaye baadhi ya wafasiri wasema ni bundi, akawa hulia juu ya kaburi akiomba anyweshwe, hata damu ilipwe kwa damu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha hama kwa jina lake, pamoja na tiyara, yaani kupiga fali kwa ndege, na kanusho hilo limo katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Wanazuoni wameihesabu tiyara katika milango ya shirki, kwa sababu amwaminiye ndege kwamba ana mkono katika kufa na kupona kwa watu amempa kiumbe fungu la mamlaka ambayo hayana mshirika. Kwa aliye Mwislamu mjadala umekwisha hapo, wala sioni haja ya kuurefusha.

Lakini bundi aliyevuliwa nuhusi yu bundi bado, na sasa ndipo astahilipo kutazamwa. Namchagua aliye mkubwa kupita bundi wote wa Afrika, ambaye wataalamu wengi wamemwita Bubo lacteus, naye Mholanzi Temminck ndiye aliyemwandika kwanza mwaka 1820; makao yake ni nyika na mbuga na miti mirefu ya kando za mito, katika Kenya na Tanzania na kwendelea hata kusini mwa bara, akiuepuka msitu mnene wa mvua. Urefu wake hupita sentimita 60, na mabawa yake yakikunjuliwa, kutoka ncha hata ncha hupata kiasi cha mita moja na nusu. Jike humshinda dume kwa ukubwa, na uzito wake huweza kufika kilo 3. Rangi yake ni ya kijivu iliyotiwa michirizi myembamba isiyohesabika, uso wake mweupe umepigwa ukingo mweusi kulia na kushoto, macho yake ni ya hudhurungi iliyokoza, na kope zake za juu, hili ndilo la kustaajabisha, hazina manyoya, nazo ni za rangi ya waridi, hata mtu akimwona amesinzia mchana katika mgunga huitambua rangi ile kabla ya kutambua kitu kingine. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 869, alitunga kitabu kikubwa juu ya wanyama, na katika kitabu hicho huirudia fikira hii: kwamba kiumbe dhalili, na hata kile ambacho watu hukichukia, chaweza kubeba dalili ya hikima ya Muumba sawasawa na kile wanachokitukuza. Nazitazama kope hizo na kuona kwamba alisema kweli.

Bundi huyu hajengi. Huchukua tundu kuukuu la tai, au la tumbusi, au la fundichuma, na aghalabu wakati wa kiangazi jike hutaga humo mayai mawili meupe, akayaatamia muda wa siku 38 hivi, naye dume humwindia na kumletea chakula. Lakini kwa kuwa jike huanza kuatamia mara lipatikanapo yai la kwanza, bila ya kulingoja la pili, hili la pili huanguliwa nyuma, pengine kwa muda wa wiki nzima, hata kinda wa pili atokapo katika ganda lake humkuta nduguye amekwisha kupata nguvu na shingo ndefu. Kila nyama iletwayo, wa kwanza huwahi. Wa pili hungojea, na katika kungojea huku hudhoofika, na karibu kila mara hufa kwa njaa baada ya siku zisizokuwa nyingi. Chakula huja, wazazi wote wawili wapo, wala hakuna adui aliyepanda mti. Yule aliyesalia hukaa tunduni kiasi cha miezi miwili, na baada ya kuruka huendelea kulishwa miezi mingine mingi, akiwalilia wazazi wake kwa sauti ya mbinja, mpaka ikawa huonekana watatu wamekaa tawi moja na mtoto ni mkubwa kama waliomzaa. Ndege tuliyemfanya mjumbe wa mauti ni mzazi mwenye subira iliyo adimu hata katika ndege wakubwa.

Basi, huyu wa pili, riziki yake i wapi? Twafundishwa, na Kurani yasema hivyo katika Sura ya Hud, kwamba hapana kitembeacho juu ya ardhi ila riziki yake imo katika dhamana ya Mwenyezi Mungu. Wenye elimu ya maumbile watajibu kwamba yai la pili ni akiba, iwapo la kwanza litaharibika. Na jawabu hilo lina ukweli wake, lakini laeleza manufaa ya wazazi na kizazi chao, nalo halikugusa haki ya kinda, ambaye hakutoka katika ganda hali ni akiba ya mtu, bali alitoka na koo lake mwenyewe na njaa yake mwenyewe. Mutazila, kundi la wanazuoni wa zamani, walishika kwamba uadilifu wa Mungu walazimisha fidia kwa kila kiumbe kilichoumia pasipo kosa, na mnyama ni katika hao. Ashari alikataa kwamba kuna chochote kinachoweza kumlazimu Mungu, na husimuliwa kwamba aliachana na Jubbai, mwalimu wake wa Kimutazila, kwa sababu ya masala ya ndugu watatu: mmoja alikufa mwema, wa pili kafiri, wa tatu mtoto mchanga. Mtoto akiuliza kwa nini hakuachwa akue atende mema, ataambiwa kwamba angekua angeasi. Na kafiri akidakiza, kwa nini basi yeye hakufishwa angali mtoto, Jubbai hakuwa na la kumjibu. Watu wa mwambao huu walio wengi, wafuatao Shafii katika fiqhi, humfuata Ashari katika itikadi, nami ni miongoni mwao.

Nasadiki kwamba riziki ya kiumbe ni kile kilichomfikia, na kwamba ajali, yaani muda wake uliokadiriwa, ndiyo mpaka wake. Kinda yule alikwisha kulishwa na kiini cha yai kabla hajawa na mdomo wa kuombea, akapewa joto la mama siku zile zote. Lakini siwezi kuitumia itikadi hii kama shuka ya kumfunikia nisimwone. Imepokewa na Muslim kwamba Siku ya Kiyama haki zitarejeshwa kwa wenyewe, hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kisasi kwa mwenye pembe. Na ikiwa hoja ya kondoo husikilizwa, mimi sioni dalili ya kuifungia nje hoja ya kinda aliyekufa ubavuni mwa nduguye. Kwa hiyo nayakubali mambo mawili pamoja, kwamba Mungu hadaiwi, na kwamba Yeye kwa fadhili zake amejifungulia mlango wa kudaiwa.

Atauliza mtu juu ya wale aliwao na bundi, nao ni wengi: sungura, kanga, kwale, komba, nguchiro, nyoka, chura, hata mchwa wanaoruka. Zaidi ya wote hupenda kalunguyeye, na huyu, aliyepewa miiba iwe ngao yake, bundi humchuna kwa ufundi, akamla nyama na kuiacha ngozi ya miiba chini ya mti. Sioni dhuluma katika ngozi zile. Mmoja alipewa ngao na mwingine kucha za kuivua, wala hakuna kati yao aliyekalifishwa, aliyeambiwa fanya hili na uache lile.

Aliyekalifishwa ni yule mwenye jiwe. Ndege awindaye kwa makucha ni haramu kuliwa katika madhehebu yetu, basi amwuaye bundi hapati kitoweo, wala hakuna shamba aliloliokoa, kwa kuwa hata bundi wadogo wa mapaani chakula chao kikubwa ni panya. Na amekuja katika hadithi shomoro atakayemshitaki kwa Mola wake mtu aliyemwua bure. Watupao mawe hawapambanui bundi na bundi, wala hawaulizi kama ni majira ya kutaga. Dume akipigwa akafa hali jike yumo katika kuatamia, hana wa kumletea chakula, atainuka akajitafutie, na mayai yote mawili yatapoa. Na juu ya makinda hao wawili hatutakuwa na haja ya kwenda kwa Ashari wala kwa Jubbai kuuliza aliyewakatia riziki ni nani.