Mguu Ukisema, Nani Anasikiza?

Somo: 2 Nyakati 16:7–12, Mathayo 4:5–7



Wengi mnakumbuka ile Jumapili niliyohubiri juu ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka wa 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Alifika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na watu wengi walikuwa wameshaenda zao. Alipoulizwa mbona hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kwenda kuanza mbio, ilimtuma akamalize. Kanisa lilisimama. Amina zilikuwa nyingi mpaka mpiga kinanda akaingia bila kuitwa.

Kitu ambacho hamkujua ni kwamba siku hiyo nilihubiri nikiegemea mimbari, kwa sababu mguu wangu wa kushoto ulikuwa umefura ndani ya kiatu.

Mnajua nilikuwa nimejiandikisha kukimbia Lewa, zile kilomita 42 za barabara ya vumbi katikati ya wanyama. Kila kilomita ilikuwa na ahadi zenu, za karo ya watoto wetu wa sekondari. Wiki ya saba ya mazoezi nikaanza kusikia uchungu juu ya mguu, karibu na vidole. Mwanzo ulikuwa unakuja nikimaliza kukimbia. Halafu ukawa unakuja nikianza. Mwishowe ukawa unakuja hata nikipanda ngazi za ofisi. Nilinunua dawa za maumivu, nikafunga bandeji, nikasema ni majaribu ya adui. Mke wangu aliniambia niende hospitali. Nikamjibu, "Baada ya Lewa."

Nilisoma biashara chuoni, na kuna jambo walitufundisha mapema kabisa: pesa ambayo imeshatumika na haiwezi kurudi, isikuamulie hatua inayofuata. Kama duka linakula hasara kila mwezi, usiliache wazi eti kwa sababu ulishalipaka rangi. Huo mtihani niliupita vizuri. Lakini kila nilipofikiria kusimama, nilihesabu zile alfajiri nilizoamka saa kumi, viatu nilivyonunua, ahadi zilizoandikwa, na yale mahubiri. Wacha niseme ukweli: mahubiri ndiyo yalikuwa mazito kuliko yote. Ningewaangalia vipi?

Jumatano moja baada ya maombi, mama mmoja alinifuata. Nimemwomba ruhusa niandike haya, akakubali, ila nisimtaje jina. Ana ugonjwa wa sukari. Alikuwa na kidonda kidogo chini ya kidole cha mguu, na alikuwa amekosa kliniki mara mbili. Aliniambia kwa furaha, "Pasta, nilikuona ukichechemea na bado unakimbia. Nikajiambia, mimi ni nani nikapange laini kwa sababu ya kidonda ambacho hata hakiumi?"

Hakiumi. Wale mnaoishi na sukari mnajua maana yake. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mpaka mtu anaweza kukanyaga msumari asisikie. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa. Tulimpeleka hospitali asubuhi iliyofuata. Mguu uliokolewa. Kidole kimoja kilikatwa.

Siku hiyohiyo, nikiwa kwenye benchi nikimngoja, nikaenda dirishani nikajiandikisha na mimi. Picha ilionyesha ufa kwenye mmoja wa ile mifupa mirefu inayoelekea vidoleni. Daktari alinieleza kwa lugha rahisi: mfupa ukipigwa huchakaa kidogo, na ukipumzika hujijenga upya. Ukiupiga tena na tena kabla haujamaliza kujijenga, siku moja unapasuka. Wiki sita hadi nane bila kukimbia. Lewa ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha. Imani na ukaidi vinatofautianaje? Kwa nje vinafanana kabisa. Vyote viwili vinaumia na havisimami. Vyote viwili vinapigiwa makofi, na vyote viwili vina mistari ya Biblia.

Nilirudi kwa Mfalme Asa, yule aliyeugua miguu uzeeni. Wahubiri wengi, na mimi nikiwamo, tumemtumia kuonyesha kwamba kosa lake lilikuwa kwenda kwa waganga. Lakini soma mistari michache nyuma. Asa alikuwa ameshaacha kumtegemea Mungu, akanunua msaada wa mfalme wa Shamu kwa fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana. Hanani mwonaji alipomwambia ukweli, alikasirika akamtia gerezani. Kwa hivyo ule ugonjwa wa miguu ulimkuta mtu aliyekwisha kuzoea kumfunga anayemwambia ukweli.

Sasa mimi nilifanya nini na uchungu wangu? Ulikuja kama mwonaji, nikaufunga kwa bandeji na vidonge. Yule mama hakuwa hata na mwonaji wa kufunga, kwani mguu wake ulikuwa umenyamaza. Akatazama wangu badala ya wake, na wangu ukamdanganya.

Halafu kuna Mathayo 4. Ibilisi alipompandisha Yesu juu ya hekalu, alitumia Zaburi ya 91, na ile ahadi aliyoichagua inahusu mguu: kwamba malaika wangemlinda asiumie kwa jiwe. Ahadi ni ya kweli, na Yesu hakubisha hilo. Alikataa tu kuruka. Mungu hakutupa ahadi ya ulinzi ili tumlazimishe kuithibitisha kila tukijisikia kuruka. Mimi nilikuwa nimesharuka, na nilikuwa naita kuruka huko imani.

Mtu ataniuliza: basi Akhwari alikosea? Na Paulo, aliyepigwa mawe Listra akainuka akarudi mjini? Hapana. Akhwari alikuwa ametumwa, siku yenyewe ilikuwa imefika, na gharama aliilipa kwa mwili wake mwenyewe. Paulo naye alikuwa na mwito. Mimi nani alinituma kukimbia juu ya mfupa uliopasuka? Ninyi mliahidi karo, hamkuomba mguu wangu. Tena ni Paulo huyohuyo aliyemshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Hakumwambia amepungukiwa na imani.

Kwa hivyo siku hizi, kabla sijaliita jambo uvumilivu, najiuliza maswali mawili. La kwanza: ni nani aliniambia ukweli juu ya jambo hili, na nimemweka wapi? La pili: nisiposimama, ni nani atalipa? Katika mbio zangu, bili ilienda kwa mtu mwingine.

Nilipotangaza kwamba sitakimbia, wengine mlilipa ahadi zenu hata bila mbio. Mungu awabariki. Wengine hamkulipa, na sina neno, maana ahadi ilikuwa ya kilomita. Karo haikutosha, na kamati bado inaongea na shule zikubali kulipwa kidogo kidogo. Hiyo ni hasara halisi, siwezi kuipaka rangi. Kijana mmoja aliniambia nimewavunja moyo. Nilimsikiza. Huenda ana haki, lakini ningekimbia, ningemfundisha jambo baya zaidi.

Kama una kadi ya kliniki ndani ya Biblia yako, angalia tarehe leo. Wenye sukari, jioni hii vueni viatu mwangalie miguu, chini na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, mwite mtoto akuangalie. Fanyeni hivyo mkiomba, kwa maana Mungu anayesikia maombi ndiye aliyeuumba mwili na kuupa sauti.

Yule mama sasa anatembea na fimbo. Kila Jumapili akifika mlangoni, kabla ya salamu ananiuliza, "Pasta, mguu?" Namjibu ukweli. Halafu namuuliza wake.